Childers wawili na daftari letu la mbuzi

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusoma, tangu tuanze kupokezana mbuzi swali ni lile lile: juu ya nini tunaandika mama na baba wa kila mtoto wa mbuzi, na juu ya nini tunakataa dume mdhaifu auzwe haraka? Leo tunajibu kwa historia ya farasi.

Mwaka 1704 mfanyabiashara Mwingereza, Thomas Darley, alituma nyumbani kwao Yorkshire farasi dume aliyemnunua Aleppo, Siria, wakati Waturuki wanatawala kule. Wakamwita Darley Arabian. Hakuletwa kwa mashindano. Aliwekwa shambani Aldby Park apande majike, na wengi wao walikuwa wa familia yenyewe.

Jike mmoja wa nje, Betty Leedes, akamzalia madume wawili. Flying Childers alikimbia bila kushindwa hata mara moja, Uingereza nzima ikamsifu. Ndugu yake, Bartlett's Childers, alikuwa anatokwa damu, hakukimbia shindano lolote. Ingekuwa sisi, tungemtunza yupi? Kumbe mstari wa baba kwa baba uliodumu ni wa yule mgonjwa. (Hatusemi ugonjwa ni mali, wandugu. Tunasema tu dume hapimwi kwa siku moja.)

Mtoto wake, Squirt, aliumwa kwato vibaya. Inasimuliwa kwamba bwana wake aliamuru auawe, mchunga farasi akamwombea. Squirt akamzaa Marske. Bwana wa Marske, Duke wa Cumberland, alipofariki mwaka 1765, Marske akauzwa bei ya bure tu. Mtoto wake mdogo naye akauzwa kwa gini 75. Huyo alizaliwa ile siku jua lilipatwa, tarehe 1 Aprili 1764, ndiyo sababu aliitwa Eclipse. Mwaka 1769 na 1770 alikimbia mara 18, akashinda zote 18. Hapo ndipo watu wakaanza kumtafuta baba yake, na bei ikapanda.

Leo, ukifuata baba kwa baba, zaidi ya madume 9 kati ya 10 wa aina ya Thoroughbred duniani wanafika kwa yule farasi wa Aleppo, karibu wote kupitia Eclipse.

Haya yanajulikana kwa sababu yaliandikwa. Mwaka 1791 James Weatherby alianza kutoa General Stud Book, kitabu cha ukoo wa farasi. Kabla yake kila nyumba ilikuwa na karatasi zake, na farasi alibeba jina la mwenyewe: Bartlett alikuwa mtu. Majike wengi waliandikwa bila jina, "jike wa fulani" basi.

Kosa hilo tunalo na sisi. Kurasa za mwanzo za daftari letu zina madume tu. Kila aliyepokea mbuzi wa mzunguko wa kwanza alete alama ya mama yake kabla ya mkutano ujao. Na yule dume anayechechemea, asiuzwe kwanza.