Barza za Kabambare

Barza, yaani nyumba za mkutano ambamo wazee wa Kabambare, huko Maniema, mashariki mwa Kongo, waliketi kunywa tembo la mchikichi na kukata mashauri hazikuacha magofu, maana zilikuwa za udongo na majani, na udongo ulioachwa bila mwenyewe, mvua za Maniema hazikawii kuurudisha ardhini.

Msafiri David Livingstone, aliyewasili Kabambare tarehe 21 Septemba 1869 na kupaandika kwa jina la Bambarre, alisifu ustadi wa wajenzi wa nchi ile: njia za vijiji zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua liukaushe unyevu upesi, nyumba zikapangwa safu kwa safu, na katika kila ncha ya njia, ikiikabili katikati yake, ikasimama nyumba ya watu wote; yaelekea hakuweza mtu kuingia wala kutoka bila ya kuonekana na waliobarizi.

Sultani mkongwe, Moenekuss, alikuwa amefariki karibuni, na wanawe wawili wakawatazama wageni kwa shaka. Ndipo Muhammad bin Gharib, tajiri wa msafara, alipochanjiana nao, damu kidogo ikachukuliwa kwa jani la mtini kutoka mkono huu hadi huu, na sharti likatajwa bayana kwamba asiibwe kuku wala mtu. Sharti hilo lilivunjwa na upande wa wageni, kwani mtumwa mmoja wa msafara aliiba kuku. Kwangu mimi, ubomoaji wa barza ulianza hapo, kabla ya moto wowote. Maana nguvu ya nyumba ile haikuwa katika nguzo zake, bali katika neno lililotamkwa mbele ya mashahidi likatimizwa.

Livingstone aliondoka, akarudi Kabambare mwezi Julai 1870, akalazwa na vidonda vya miguu, akakaa huko hadi Februari 1871. Baadaye Kabambare ikawa kituo kikubwa cha misafara baina ya Tanganyika na Kasongo, pembe na watumwa wakipita, na amri ikahamia bomani, kwa wenye bunduki. Mmoja wao, Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliishika Kabambare hata majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoitwaa Januari 1894. Na mwaka 1898 askari walioasi dola hiyo hiyo wakaiteka tena, wenyeji wakiwa hawajaulizwa neno na yeyote kati ya hao.