Ngoma na mluzi: jinsi ujumbe unavyosafiri bila maneno kutamkwa

Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, majirani wawili wanaweza kulisikia neno moja na kuwaza mambo tofauti. Msemaji wa Kiswahili akisikia "ngoma" hufikiria chombo kinachopigwa, au mchezo unaoandamana nacho. Msemaji wa Kinyarwanda akisikia "ingoma" hufikiria chombo hicho hicho, lakini pia hufikiria utawala. "Ku ngoma ya Rwabugiri" maana yake ni katika zama za Mfalme Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895.

Maana hiyo ya pili ina historia yake. Katika Rwanda ya kale, ngoma iliyoitwa Karinga ilikuwa alama ya ufalme wenyewe, na ngoma za ikulu zilipigwa kumwamsha mfalme asubuhi na kumuaga usiku. Ufalme uliondolewa mwaka 1961, lakini neno limebaki na maana zake zote mbili.

Ngoma za ikulu zilitoa ishara, kama kengele ya shule: kila mtu alijua mdundo fulani una maana gani kwa sababu jamii ilikwisha kukubaliana. Ziko ngoma nyingine ambazo hazikomei kwenye ishara. Hizo husema, yaani hubeba sentensi nzima, na msikilizaji akaielewa hata kama habari yenyewe ni mpya kwake.

Gogo lenye sauti mbili

Mfano unaojulikana zaidi unatoka nchi jirani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa Walokele wanaoishi kando ya Mto Kongo karibu na Kisangani. Ngoma yao haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu, na kingo mbili za mwanya huo hutoa sauti mbili, moja ya juu na nyingine ya chini.

Sauti hizo mbili zinatosha kwa sababu lugha yao ni ya toni: maana ya neno hutegemea pia kupanda na kushuka kwa sauti. Wakazi wa Rusizi wanalifahamu jambo hilo kutoka katika Kinyarwanda, ambamo neno "inda" linaweza kuwa tumbo au chawa, ingawa maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote. Mpigaji huacha irabu na konsonanti, akapiga toni peke yake.

Lakini hapo hutokea utata. Katika lugha ya Walokele, neno la mwezi na neno la kuku yana toni zilezile. John Carrington, mmishonari Mwingereza aliyejifunza ufundi huo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1949, alieleza jinsi wapigaji wanavyouondoa. Hawapigi neno pekee, bali kifungu kizima kilichozoeleka: mwezi huwa ule unaoitazama dunia kutoka juu, na kuku huwa yule mdogo anayelia "kiokio". Kifungu kirefu kina mpangilio wa toni ambao ni vigumu kuuchanganya na mwingine. Ndiyo maana habari fupi kwa mdomo huwa ndefu kwenye ngoma.

Nchini Uganda, kila ukoo wa Baganda una mdundo wake, uitwao omubala, unaofuata maneno maalumu ya ukoo huo. Mwenye kuyajua maneno huyasikia ndani ya mdundo, na asiyeyajua husikia mdundo tu.

Mluzi usiohitaji toni

Je, lugha isiyo ya toni inaweza kufanya hivyo? Kisiwa cha La Gomera, katika Visiwa vya Kanari vya Uhispania, kinajibu kwamba inawezekana. Huko watu huongea Kihispania kwa mluzi kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine. Kwa kuwa Kihispania hakina toni, mluzi huiga irabu na konsonanti zenyewe: milio miwili husimama badala ya irabu tano, na milio minne badala ya konsonanti. Msikilizaji hukamilisha maana kutokana na muktadha.

Kiswahili nacho si lugha ya toni. Waswahili wa pwani walitangaziana mambo kwa pembe: siwa katika sherehe za wakubwa, na mbiu kuwaita watu wasikilize. Hivyo methali husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilitoa ishara tu, na jambo lenyewe likasemwa kwa mdomo.

Kinachopotea

Ufundi huu hauishi bila watu wanaoijua lugha iliyomo ndani yake. Carrington mwenyewe alishuhudia vijana wakiacha kujifunza ngoma ya gogo. La Gomera ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 1999 mluzi unafundishwa shuleni, na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Katika eneo la Maziwa Makuu, ngoma bado zinapigwa harusini, kanisani na katika sherehe za kitaifa, na simu za mkononi zinazirekodi kwa urahisi. Hata hivyo, kurekodi mdundo pekee hakutoshi. Mzee anayejua mdundo fulani ulikuwa unasema nini anapaswa kuulizwa maneno yake, nayo yaandikwe kando ya sauti. Bila maneno hayo, wajukuu watarithi mlio wa ngoma bila kujua ilikuwa ikimwita nani.