Koti la Askari wa Mjerumani: Halisi, Nakala au la Kughushi?

Tuseme uko Namasakata, mkoani Ruvuma, na shule ya jirani inaandaa igizo la Vita vya Majimaji. Anatokea mtu na koti la kaki lililochakaa, anakuapia kwamba ni la askari wa Mjerumani, la 1905 kabisa. Utajuaje?

Anza na muundo. Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni, liliwavalisha askari wake Waafrika sare za kaki. Kichwani walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye nembo ya tai mbele na pazia la kukinga shingo nyuma. Miguuni walizungushia vitambaa vya bluu hadi chini ya goti.

Hapa ndipo wengi wanapochemka: wanaiga Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Sanamu ile iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka waliotumika upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi jingine, vita vingine. Na usiwavalishe rugaruga sare hiyo. Hao walikuwa wapiganaji wasaidizi tu.

Sasa kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Polyesta huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Kwa kuwa polyesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, koti lililofumwa kwa nyuzi hizo haliwezi kuwa la 1905. Mchezo umeisha.

Kuna pia ile taa ya kukagulia noti bandia. Kitambaa chenye kemikali za kisasa za kung'arisha hutoa mwanga wa bluu chini yake. Lakini usikimbilie kuhukumu: koti halisi likifuliwa kwa sabuni ya unga ya leo litang'aa vilevile. Mshono wa cherehani nao si kosa, maana cherehani zilishaenea tangu karne ya 19.

Umeona mtego ulipo? Vipimo hivi vinajua kusema "hapana", havijui kusema "ndiyo". Pamba tupu inaweza kuwa imefumwa mwaka jana. Ili kusema "ndiyo" unahitaji historia ya koti lenyewe: lilikuwa kwa nani, likapita mikono ya nani, na kuna picha au maandishi gani ya kuthibitisha.

Lakini igizo halihitaji koti halisi. Fundi wa mtaani anaweza kushona nakala nzuri, kisha aandike kwa ndani mwaka alioshona. Nakala inayojitaja ni somo. Inayojificha ndiyo ya kughushi.

Kwa nini tujisumbue hivi? Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea. Jeshi lililofanya hivyo lilijaa askari Waafrika. Wa kwanza waliandikishwa mwaka 1889, Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Ukimvalisha mwigizaji sare ya jeshi la Mwingereza, umembebesha lawama asiyekuwepo, na aliyekuwepo umemwachia atoke jukwaani bila kuonekana. Watoto watakaotazama wataamini macho yao. Kwa hiyo kabla hujamlipa mwenye koti, omba uzi mmoja.