W. Edwards Deming

William Edwards Deming (14 Oktoba 1900 – 20 Desemba 1993) alikuwa mwanatakwimu, mhadhiri na mshauri wa uongozi kutoka Marekani. Mawazo yake yalibadilisha namna viwanda duniani vinavyosimamia ubora wa bidhaa.

Alizaliwa Sioux City, Iowa, akakulia Wyoming. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1928. Alifanya kazi Wizara ya Kilimo, kisha Ofisi ya Sensa, ambako alisaidia kuingiza mbinu za sampuli. Msingi wa fikra zake aliupata kwa Walter Shewhart, mwanzilishi wa chati za udhibiti wa ubora.

Mwaka 1950 alialikwa na umoja wa wanasayansi na wahandisi wa Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Alisisitiza kwamba kasoro nyingi hutokana na mfumo wa kazi wala si uzembe wa mfanyakazi. Kwa hiyo wajibu wa kuzirekebisha ni wa viongozi. Kungoja kukagua bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, alisema, ni kuchelewa. Wajapani walianzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951.

Kwao Marekani alijulikana sana baada ya kipindi cha televisheni cha mwaka 1980, na kampuni ya Ford ikamwita kuishauri. Kanuni zake 14 za uongozi zimo katika kitabu chake *Out of the Crisis*. Alifariki Washington, D.C.