Jumba la Mabaharia wa Salem na Neno "Merikani"

Tunapofundisha neno "merikani", yaani kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, aghalabu tunaeleza maana yake na kupita. Neno hilo lakini lina historia inayostahili kufuatwa.

Mwaka 1799, manahodha na mawakala wa biashara wa mji wa Salem, Massachusetts, waliunda chama chao. Hakukubaliwa humo ila yule aliyekwisha kupita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Wanachama walihimizwa kuandika habari za safari zao na kuleta vitu vya nchi za mbali. Vitu vilipozidi, lilijengwa jumba, East India Marine Hall, lililofunguliwa mwaka 1825 mbele ya Rais John Quincy Adams. Ukumbi wa juu ulihifadhi vitu vya Uhindi, Uchina na visiwa vya Pasifiki. Chini kulikuwa na benki na ofisi ya bima.

Biashara hiyo ilifika Unguja pia. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mwenyeji wa Salem, akawa konseli wa kwanza wa Marekani kisiwani. Merikebu za Salem zilileta nguo za viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Wapagazi waliichukua merikani hadi Unyamwezi na Ujiji, ikatumika kama fedha. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliivunja biashara ya nguo hizo, ila jina likabaki.

Hata hivyo, orodha ya vitu vya jumba iliyochapishwa mwaka 1831 ilitaja majina ya waliovitoa. Waliovitengeneza hawakutajwa ila kwa nadra. Wala pamba haikujilima: ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zilisafiri mabegani mwa watu.

Jumba hilo lingalipo, nalo ni sehemu ya Makumbusho ya Peabody Essex. Sisi walimu tumebakiwa na neno. Tulifundishapo, hatuna budi kuwataja pia mkulima, mchimba sandarusi na mpagazi, ambao jasho lao ndilo lililozijaza merikebu zile.