Desdemona na Emilia

Desdemona na Emilia ni wahusika wa kike katika Othello, tanzia ya William Shakespeare iliyoigizwa mbele ya mfalme wa Uingereza tarehe 1 Novemba 1604 na kuchapishwa mwaka 1622. Desdemona, binti wa seneta wa Venisi, ameolewa na jemadari mweusi Othello bila ridhaa ya babake. Emilia ni mhudumu wa Desdemona, na mke wa Iago, mshika bendera wa jemadari. Kwa mazoea, Desdemona husifiwa kuwa kielelezo cha uadilifu, naye Emilia huchukuliwa kuwa mwanamke wa kawaida mwenye ulimi mkali. Hata hivyo, tamthilia inaupima uadilifu kwa mizani mbili, kujiepusha na ubaya na kuufichua, na mizani ya pili inaelemea upande wa Emilia.

Tofauti yao inaonekana wazi mwishoni mwa tendo la nne. Desdemona anaapa kwamba hawezi kumsaliti mumewe hata akipewa dunia nzima. Emilia anaiona dunia kuwa malipo makubwa mno kwa kosa dogo, kisha anawalaumu waume kwa kuwafunza wake zao uovu. Ni Emilia huyo aliyeiokota leso ya bibi yake na kumpa Iago, asijue kwamba mumewe ataitumia kumshawishi Othello kuwa Desdemona si mwaminifu. Njama hiyo inapombainikia Emilia baada ya Othello kumuua Desdemona, Iago anamwamuru anyamaze na arudi nyumbani. Anakataa, anasema yote, na Iago anamuua. Uzito wa tukio hili unaonekana zaidi tukirejea hadithi ya mwandishi Mwitaliano Cinthio ya mwaka 1565, ambayo ndiyo chimbuko la tamthilia. Humo mke wa mshika bendera anaijua njama tangu mapema, ananyamaza kwa kumwogopa mumewe, na anabaki hai. Shakespeare amemnyima ujuzi huo, akampa ujasiri.

Wako watakaosema kwamba Emilia amechelewa. Ni kweli: Othello anapofoka akiidai leso, yeye yupo na hasemi kitu, ilhali neno moja lingetosha. Ushahidi wake haulifuti kosa hilo. Thamani yake ni kwamba anausema akijua kuwa pia unamtia yeye hatiani. Wengine humwona Desdemona mnyonge tu. Hao wanasahau jinsi alivyoitetea ndoa yake mbele ya Baraza la Venisi. Lakini naye anakana kwamba leso imepotea, na kwa pumzi ya mwisho anadai amejiua mwenyewe ili kumkinga muuaji. Usafi wake ni wa kweli tangu mwanzo, ila kwa kauli zake mwenyewe haukuweza kuthibitika. Ulihitaji shahidi, na shahidi pekee aliyekuwapo ni yule aliyeiokota leso.