Bia ya Kimea ya Uskoti na Mapipa ya Traquair

Eli ya Uskoti ni bia yenye rangi ya shaba inayokolea hadi kahawia, na ladha ya kimea hutangulia uchungu. Shayiri hustawi vizuri mashariki mwa nchi hiyo, lakini maua ya hopsi, yanayoipa bia uchungu, hayapendi baridi yake, hivyo wapishi wa bia waliyaagiza kutoka England na nchi nyingine. Baridi hiyohiyo iliwafaa kwa jambo jingine: hamira ikifanya kazi polepole, bia hutoka laini, isiyo na harufu kali ya matunda.

Kitovu cha kazi hii kilikuwa Edinburgh, mji wenye visima vya maji yenye madini mengi. Mwaka 1856 William McEwan alifungua kiwanda chake hapo, na mji wa Alloa nao ukajijengea jina. Mwishoni mwa karne ya 19 bia zikaitwa kwa bei ya pipa: ya shilingi 60 ilikuwa nyepesi, ya 70 nzito kidogo, ya 80 nzito zaidi, na juu yake zikaja zile kali zilizouzwa kwa chupa ndogo. Uingereza iliacha shilingi mwaka 1971, lakini majina hayo yapo hadi leo.

Karne ya 20 haikuwa na huruma kwa viwanda vidogo. Kampuni ziliungana, na mwaka 1960 ikazaliwa Scottish & Newcastle; viwanda vingi vya zamani vikafungwa, na bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ikateka baa.

Mageuzi yalianzia katika nyumba ya kale ya Traquair, karibu na Innerleithen. Mwaka 1965 mmiliki wake, Peter Maxwell Stuart, alikuta chini ya kanisa dogo la nyumba hiyo chumba cha kupikia bia cha karne ya 18, vyombo vyake vikiwa bado vipo. Alivisafisha, akaanza kupika na kuuza. Hadi leo bia ya Traquair huchachuka katika mapipa makubwa ya mwaloni. Ile inayoitwa Traquair House Ale ina kilevi cha asilimia 7.2, ni kahawia yenye wekundu, hunukia zabibu kavu na sukari iliyoungua, na mti wa mwaloni huiachia ukavu kidogo mwishoni. Haifai kunywewa ikiwa baridi sana, kwani baridi huificha ladha ya kimea.

Baadhi ya wapishi wa bia wa Marekani huongeza katika eli ya Uskoti kimea kilichokaushwa kwa moshi, wakiiga wiski. Moshi huo si sehemu ya mapokeo ya Edinburgh. Sifa ya bia hii inatokana na kimea kizuri na uchachushaji usioharakishwa, na anayetaka kuitengeneza aanzie hapo.